Filamu, fezidi arei na jicho la fundi: jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka tisa katika kazi ya NDT, yaani kupima vyuma bila kuviharibu, zaidi kwa filamu na iridiamu, chanzo cha miale ya gama, na kwa altrasoniki ya mkono, yaani kupima kwa mawimbi ya sauti. Cheti changu ni cha ngazi ya pili kwa njia zote mbili. Mwaka huu mkandarasi tuliyezoea kumfanyia kazi ametuambia mishono ya mabomba itapimwa kwa fezidi arei, altrasoniki inayoongozwa na kompyuta, na eksirei zitakazobaki zitakuwa za kidijitali, filamu hataki tena. Wenzangu wanasema muda si mrefu akili mnemba itasoma picha zote, sisi tutabaki kubeba nyaya. Ni kweli? Picha ya kompyuta inaaminika kuliko filamu? Nianze kujifunza nini? Na kisanduku changu cha taa cha kusomea filamu, nikiuze mapema kabla hakijakosa mnunuzi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu ndani yake kuna hofu ambayo naijua. Nitajibu yote, na kisanduku nitakifikia mwishoni.

Nianze na jambo ambalo wauzaji wa mashine hawalisemi, maana wao huanza na uzuri wa picha. Badiliko kubwa la hizi zana liko kwenye kumbukumbu zaidi kuliko kwenye picha. Kumbuka unavyofanya altrasoniki ya mkono. Unapaka jeli, unasogeza probu mbele na nyuma kama mtu anayepiga pasi, jicho halibanduki kwenye kioo. Mwangwi unachomoza, unashuka, unachomoza tena. Unageuza probu kidogo, unapima kimo chake, unaamua. Saa nzima umeinama, kisha unaandika kwenye fomu: mshono namba 14, hakuna dosari ya kukataliwa. Unatia sahihi. Kila ulichokiona ndani ya ile saa kimeondoka nawe. Kilichobaki kwenye faili ni neno lako.

Hili liliwahi kunichoma. Zamani, kwenye tangi moja la mafuta huku pwani, nilipitisha mshono uliounganisha bomba la kutolea mafuta na ukuta wa tangi. Haukupita mwaka, ukavuja. Mafuta yaliishia ndani ya ukuta wa kuzuia, hakuna aliyeumia, lakini mimi nilikaa na swali moja kwa miaka. Je, probu yangu haikupita pale? Au ilipita, mwangwi ukaja, nami nikauona mdogo? Au siku ile ufa haukuwepo, ulikuja baadaye kwa kazi ya tangi kujaa na kupungua? Majibu haya matatu yanadai tiba tatu tofauti. La kwanza linadai nibadilishe namna ninavyopitisha probu, la pili nirudi darasani, la tatu mshono upimwe mara nyingi zaidi. Sikuwa na pa kurudi kutazama, nilikuwa na sahihi yangu tu.

Leo mshono ule ungepimwa kwa probu yenye gurudumu dogo linalohesabu kila milimita iliyopitiwa, na sauti yote iliyorudi ingehifadhiwa pamoja na mahali iliporudia. Mwaka mmoja baadaye ningefungua faili na kujua. Hiyo ndiyo maana ya dijitali katika kazi yetu, na ukiishika hiyo, mengine utayapanga mwenyewe.

Sasa tuje kwenye fezidi arei, maana ndiyo iliyokutisha. Probu uliyoizoea ina kipande kimoja kinachotetemeka na kurusha sauti kwa pembe moja: digrii 45, 60 au 70. Ukitaka pembe nyingine, unabadilisha kabari. Probu ya fezidi arei ina vipande vidogo vingi, 16, 32 au 64, vimepangwa kama meno ya kitana. Kompyuta haiviamshi kwa pamoja. Inaviamsha kimoja baada ya kingine kwa kupishanisha muda mfupi mno, na kwa kupishana huko mawimbi yao yanaungana na kuelekea upande ambao kompyuta imeuchagua. Ikibadilisha mpishano, sauti inaelekea kwingine. Kwa hiyo probu ile ile, bila kuisogeza, inafagia kuanzia digrii 40 hadi 70, na kwenye kioo unaona umbo la upepeo badala ya mstari.

Fizikia ni ile ile uliyofundishwa. Mawimbi ya mkato katika chuma cha kawaida yanakwenda mita 3,240 hivi kwa sekunde. Kwa probu ya megahezi 5, urefu wa wimbi ni kama milimita 0.65. Hesabu hiyo haikubadilishwa na kompyuta. Ndiyo maana fundi aliyeielewa altrasoniki ya mkono hujifunza fezidi arei kwa wiki chache akaiweza, na aliyekariri vitufe huhangaika nayo miaka.

Faida yake utaiona kwenye dosari moja hasa, ile ya chuma cha kuchomelea kutoshikana na ukuta wa bomba. Ni dosari bapa, nyembamba, imelala kwa pembe ya mfereji wa mshono. Miale ya gama ikishuka wima juu yake inakuta upungufu wa chuma usiofika hata unene wa karatasi, haiachi kivuli. Filamu inatoka nzuri, safi, na dosari imo. Sauti inayokuja kwa pembe inayoupiga uso wake moja kwa moja inarudi na mwangwi mkubwa, na kwa kuwa pembe zote zinapita, mojawapo itaupata. Kinyume chake, vipovu vya hewa vilivyotawanyika filamu huvionyesha vizuri, sauti huvisumbukia. Na chuma kisichoshika kutu chenye punje kubwa hutawanya sauti mpaka kioo kinajaa makelele, yale tunayoyaita majani. Usikubali mtu akuambie njia moja imezifuta nyingine.

Kuna hatua iliyo mbele zaidi, ambayo utakutana nayo: kila kipande cha probu kinarusha peke yake na vyote vinasikiliza. Kwa vipande 64 unapata ishara 64 mara 64, yaani 4,096, kutoka mahali pamoja. Kompyuta inazijumlisha na kuchora picha ambayo kila nukta yake imelengwa. Inapendeza. Lakini inapendeza hata pale ulipoipa unene wa bomba usio sahihi, na hapo ndipo hatari yake. Kosa la mkono lilikuwa likionekana kama kosa. Kosa la mpangilio kwenye kompyuta linatoka na rangi zake zote, limepangika, na mteja analiamini.

Kwa nini mkandarasi wako anaharakisha? Uko Tanga, hesabu hii unaiishi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani lina kilomita 1,443. Hata ukichukua mabomba marefu ya mita 18, ni viungo vya kuchomelewa 80,000 hivi. Miale ya gama inataka eneo lizungushiwe kamba, watu watolewe, mara nyingi kazi ifanywe usiku, na iridiamu yenyewe inapungua nguvu kwa nusu kila siku 74, kwa hiyo muda wa kupiga unarefuka wiki hadi wiki. Altrasoniki haimfukuzi mtu. Mafundi wa kuchomelea wanaendelea na kiungo cha mbele huku wewe unapima cha nyuma, na jioni hiyo hiyo wanajua kama wanaharibu, kabla hawajarudia kosa kwenye viungo hamsini vingine. Kwenye laini ndefu, hiyo ndiyo pesa. Wala si pesa tu: kila chanzo cha mionzi kinachobaki stoo kimefungwa ni usiku mmoja ambao hakuna kijana aliyesogelea kamera, lile kasha la iridiamu, akidhani iridiamu imerudi ndani. Usalama wa mionzi kwetu unasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, na masharti yake hayalegei kwa sababu picha ni ya kidijitali. Chanzo ni chanzo.

Umeuliza kama picha ya kompyuta inaaminika kuliko filamu. Jibu linategemea nani ameipiga na nani ameihifadhi.

Filamu usiidharau. Punje zake ni ndogo mno, na mpaka leo kuna paneli za kidijitali zisizofikia ukali wake. Shida yake kwetu sote tunaijua. Dawa ya kuoshea inataka nyuzi 20 kwa dakika tano hivi, na chumba cha giza cha kontena pale Tanga mwezi wa Februari kina nyuzi ngapi? Nimekaa ndani ya vyumba hivyo na ndoo ya barafu, naizungushia barafu beseni ya dawa, jasho linadondoka, na bado filamu zinatoka na ukungu. Halafu maji ya dawa yale, yenye fedha ndani yake, yamwagwe wapi? Sina hamu ya kuyarudia.

Kidijitali kuna njia mbili, na mafundi wengi huzichanganya. Ya kwanza ni bamba laini linalokunjika kuzunguka bomba kama filamu. Linashika miale, kisha linapitishwa kwenye mashine inayolisoma kwa leza, linafutwa kwa mwanga mkali na kutumika tena. Ya pili ni paneli ngumu inayotoa picha palepale kwenye skrini ndani ya sekunde chache. Paneli inapunguza kweli muda wa mionzi. Bamba si lazima lipunguze, na hapa naona watu wanaharibu kazi kila siku. Wanapiga kwa muda mfupi kwa kuwa kompyuta inaweza kuing'arisha picha hafifu mpaka ikaonekana. Inaonekana, ndiyo, lakini imejaa chembechembe, na ufa mwembamba unamezwa na chembechembe hizo. Bamba pia linashika miale iliyotawanyika kuliko filamu, kwa hiyo risasi ya kulikinga kwa nyuma si ya kuiacha. Kiwango cha ISO 17636 kina sehemu mbili kwa sababu hii hii: ya kwanza ya filamu, ya pili ya kidijitali. Katika ile ya pili, zaidi ya nyaya zako za kawaida za ubora wa picha, utadaiwa kipimo cha nyaya pacha kinachoonyesha ukali, na uwiano wa ishara na makelele. Jifunze hivyo viwili mpaka viwe vyepesi kwako. Ndivyo vinavyotenganisha picha na picha nzuri.

Na hapa nina jambo linaloniudhi. Paneli nzuri inatoa picha yenye ngazi 65,536 za weusi na weupe. Programu ya kusomea inakuruhusu kuzifungua ngazi hizo kipande kwa kipande: unaangalia eneo jembamba, kisha nene, kisha mzizi wa mshono. Ndipo kijana wa saiti anapiga picha ya skrini kwa simu, anaituma WhatsApp kwa mkaguzi wa ngazi ya tatu aliye mji mwingine, naye anajibu, “Iko poa, pitisha.” Ile picha iliyofika imebaki na ngazi 256, imebanwa, imelainishwa na simu mbili. Mshono hauwezi kuhukumiwa hivyo. Tuma faili ghafi, hata kama mtandao utachukua nusu saa. Siku ukiwa wewe ndiye unayeulizwa, kataa kujibu mpaka uipate.

Faili ghafi lina kazi nyingine. Tangu zamani kuna udanganyifu wa filamu: mshono mmoja mzuri unapigwa mara kumi, zinabandikwa namba kumi, mishono tisa haikupimwa kamwe. Kwenye picha ghafi za kidijitali udanganyifu huo una adui, kwa sababu makelele ya kila mpigo ni yake peke yake, na saa, tarehe na mpangilio vimo ndani ya faili. Mkaguzi makini akiziweka mbili pamoja anajua. Ndiyo maana ule muundo wa kuhifadhi picha uliochukuliwa hospitalini ukafanyiwa marekebisho kwa viwanda, DICONDE, umekuwa muhimu: unafunga picha ghafi na maelezo yake visiachane. Mteja akikuuliza utamkabidhi nini, usimkabidhi PDF peke yake.

Tuje kwa akili mnemba. Mahali ambapo kitu kile kile kinapita kwa maelfu, kama rimu za alumini za magari, mashine zimekuwa zikisoma eksirei kwa miaka mingi na zinafanya vizuri. Kwenye mishono ya saiti hali ni nyingine. Programu hufundishwa kwa mifano, na mifano ya dosari za kweli, zile zinazoua, ni michache kwa sababu, tunashukuru, ni nadra. Nionavyo mimi, kazi yake bora kwetu ni kupunguza mzigo: ipitie mita 300 za data, ikuwekee alama pale pa kutazama, wewe uamue. Anayekuambia itaamua yenyewe, mwulize itaipata dosari ya ukubwa gani, mara ngapi katika mia, na amejuaje. Kama hana jibu lenye namba zilizotoka kwenye vipande vya majaribio vyenye dosari zinazojulikana, basi hana kitu.

Ngoja nikupe kisa ambacho huwa nawasimulia wanafunzi wote. Tarehe 13 Februari 2018, Boeing 777 ya United, safari namba 1175, ilikuwa ikikaribia Honolulu kutoka San Francisco. Panga moja la feni ya injini ya kulia likakatika, gamba la mbele la injini likang'oka. Ndege ilitua salama. Panga lile, la titani na tupu ndani, lilikuwa limepimwa kiwandani kwa njia ya kisasa kabisa: linatikiswa kwa sauti ili kingo za ufa zisuguane zipate joto, na kamera ya miale ya joto inalitazama. Wachunguzi wa Marekani waliporudi kwenye rekodi, alama ilikuwepo. Ilikuwepo kwenye picha za 2015, na aliyezisoma alidhani ni kasoro ya rangi. Walipozirudia za 2010, ilikuwepo pia, mahali pale pale.

Tazama kilichotokea hapo. Mashine ilifanya kazi yake mara mbili. Iliona ufa miaka minane kabla panga halijakatika. Kilichokosekana ni mafunzo. Uchunguzi ulionyesha kwamba kwa kuwa kipimo kile kilikuwa kimewekwa katika fungu la teknolojia mpya, hakikuwa na mafunzo rasmi wala utaratibu wa vyeti kwa wasomaji wake, kama zilivyo njia za zamani. Yaani upya wa kifaa ulimwondolea msomaji ulinzi ambao wewe na mimi tulipewa kwa filamu. Lakini upande wa pili, kama si zile picha kuhifadhiwa, nani angejua leo kwamba tatizo lilikuwa jicho na si kamera? Mapanga mengine yalirudiwa kusomwa kwa sababu rekodi zilikuwepo. Mimi kwa tangi langu sikuwa na bahati hiyo.

Basi jibu la kama mtabaki kubeba nyaya liko hapo. Atakayebeba nyaya ni yule ambaye hata sasa hasomi, anabandika tu namba na kusubiri kuambiwa. Wewe una miaka tisa ya kujua mshono mbaya unafananaje, unajua mfereji uliochongwa vibaya huzaa dosari gani, unajua fundi yupi hukimbiza mzizi ikikaribia saa ya chakula. Hayo hayamo kwenye programu yoyote.

Anza na fezidi arei pamoja na ndugu yake, ile njia ya kupima muda wa sauti inayotawanyika kwenye ncha za ufa, iliyobuniwa Harwell, Uingereza, miaka ya 1970. Zinafanya kazi pamoja: moja inakuambia dosari iko wapi na ya aina gani, nyingine inakupa kimo chake karibu na ukweli. Tafuta cheti kinachofuata ISO 9712, kiwango cha vyeti vya wapimaji wa NDT, na angalia kwa makini njia iliyoandikwa, maana cheti chako cha altrasoniki ya mkono hakikufungulii mlango huo chenyewe. Cheti kinadumu miaka mitano, macho yapimwe kila mwaka, na usilifanye hilo la macho kuwa muhuri tu. Skrini inachosha jicho kwa namna ambayo kisanduku cha taa hakikuchosha. Eksirei ya kidijitali ije baada ya hapo. Kujifunza kompyuta kwenyewe usikuogope: kupanga mafaili, kuyapa majina yasiyogongana, kuweka nakala mbili mahali pawili. Nimeona kazi ya miezi miwili ikipotea kwa diski moja iliyoanguka kutoka kwenye boneti la gari.

Kabla ya darasa lolote, fanya hivi. Tafuta kipande cha bomba chenye mshono uliokataliwa, ambacho filamu yake unayo. Mwombe mwenye mashine ya fezidi arei akupimie mbele yako, kisha kikateni kwa msumeno pale mlipobishana, mkisugue, mkitie asidi kidogo, mtazame. Saa tatu hizo zitakufundisha kuliko brosha zote. Dawa ya rangi ya kupenyeza na sumaku endelea nazo kama ulivyo. Kwa karakana ndogo hazijapata mpinzani.

Kisanduku chako cha taa usikiuze. Matangi na mabomba mengi ya Afrika Mashariki yalijengwa wakati wa filamu, na filamu zake ziko makabatini, nyingine zimeanza kugandana kwa unyevu wa pwani. Wenye mali wakitaka kulinganisha mshono wa leo na ulivyokuwa siku ulipochomelewa, lazima apatikane mtu wa kuzitoa, kuzikagua kama bado zinasomeka, kuziskani kwa ukali unaotakiwa na kueleza kilichomo. Vijana wanaotoka chuoni sasa hawajawahi kuishika filamu iliyolowa. Weka tangazo kwamba unazisoma, na anza na zile zenye harufu ya siki, kwa sababu hizo zimeshaanza kuoza.